Nyimbo Mbili Alizopewa Swantje

Profesa Edeltraud Wiesner alikuwa ameliacha jukwaa la opera zamani, lakini jukwaa lilikuwa halijamwacha. Hata akienda sokoni mjini Naumburg kununua mboga za asparagasi, alitembea kama mtu anayesubiriwa na okestra nzima. Mimi niliwapigia piano wanafunzi wake kwa miaka mingi, sebuleni kwake, karibu na kanisa kuu. Nilimheshimu, na bado namheshimu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsengenya.

Vijana walimjia kutoka kila pembe ya Ujerumani. Hawakuja kujifunza opera, kwa sababu opera inafundishwa kwingi. Walikuja kujifunza zile nyimbo zetu za shairi: mwimbaji mmoja, piano moja, basi. Huna vazi la kuigiza, huna maikrofoni, huna pa kujificha. Unasimama mbele ya watu na maneno machache, na ukiyaimba sawasawa kila aliyeketi anadhani ameambiwa yeye peke yake. Ukiyaimba vibaya, hata kuku wa jirani wanajua.

Swantje Ohlendorf alikuwa katika mwaka wake wa tatu kwa Profesa. Alitoka Husum, kule kaskazini ambako upepo hauna adabu. Baba yake, Bwana Boje Ohlendorf, ni fundi wa kuezeka nyumba kwa matete. Binti alikuwa mrefu, mabega mapana, mikono mikubwa, na kicheko kilichotoka tumboni. Siku ya kwanza alipoimba, Profesa alifumba macho, kisha akasema, "Soprano. Ya juu kabisa. Mwanangu, nimekusikia nikajisikia mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako."

Nani angekataa sifa kama hiyo? Swantje alitoka pale akitembea hewani.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Wa pili yakaanza kukwama. Zile noti za juu, ambazo soprano huziweka kama mtu anayetundika taa, yeye alizipanda kwa jasho, shingo imekaza, mishipa imemtoka. Mwaka wa tatu akawa akimaliza somo sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia mpira. Alikunywa chai za majani ya kila namna. Akaacha jibini, akaacha kahawa, akaacha hata kucheka, kwa sababu mtu mmoja alimwambia kicheko kinachosha koo.

"Tena," Profesa alikuwa akisema. "Usiiogope. Ile noti haikuumi."

"Inaniuma, Profesa."

"Inakuuma kwa sababu unaiogopa. Tena."

Basi tena, na tena, na mimi napiga.

Alikuwepo pia mwanafunzi mwingine, Jannis Kretzschmar, baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, mtoto wa wakulima wa zabibu wa vilima vya hapahapa kwetu. Huyu alipewa na Mungu sauti nzuri na mdomo usiojua likizo. Walikuwa wakitaniana na Swantje tangu asubuhi hadi jioni, na wasiowafahamu walidhani ni maadui.

Siku moja, mwezi wa Aprili, Profesa alitoka kwenda kutengeneza nywele akatuacha watatu. Jannis alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo ambao mnara wa kanisa unaiuliza kengele yake iko wapi. Kengele imechukuliwa kuyeyushwa iwe silaha za vita, na mnara haujaambiwa. Ni wimbo mzito, wa chini, wa polepole. Jannis aliuimba, Swantje akiwa amejilaza kwenye kochi na skafu shingoni.

"Sasa huo ni mnara?" Swantje akasema. "Mbona nasikia mtu anayetafuta funguo zake?"

"Haya, bibi mwenye koo la dhahabu, njoo utuonyeshe."

"Ningekuonyesha, ila mimi ni soprano. Huko chini kwenu hatushuki, kuna panya."

"Huwezi."

"Nani hawezi?"

"Wewe. Huwezi." Akanigeukia mimi kwenye piano. "Bi Lohse, wewe shahidi, hawezi."

Swantje akainuka, akavua skafu, akaja kusimama palepale ubavuni mwa piano. Akaweka mikono kiunoni, akatunisha kifua kumwigiza Jannis, akakunja uso. Tayari nilikuwa nacheka. Nikapiga mwanzo wa wimbo vilevile ulivyoandikwa kitabuni, bila kubadili kitu.

Akaimba mstari wa kwanza kwa mzaha. Wa pili mzaha ukaisha.

Sijui niieleze vipi ile sauti. Haikuwa imelazimishwa. Ilitoka kama maziwa yanavyomiminwa kwenye bakuli, pana, ya joto, haina kona hata moja. Vikombe juu ya kabati vilitetemeka kidogo. Nilikuwa nimempigia binti huyu miaka mitatu, na nikajua hapo hapo kuwa sikuwahi kumsikia. Alipomaliza alisimama vilevile, mikono imeshuka, akituangalia kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mwisho nyumbani kwake akakuta bustani.

Jannis akamsogelea. Kisha akasema taratibu, "Wewe mwanamke, hebu niambie. Imekuuma?"

"Hapana," Swantje akasema. Akajigusa koo. "Haijauma hata kidogo."

"Wewe si soprano."

"Nyamaza."

"Wewe ni alto, sauti ya chini ya kike. Umevalishwa viatu vya mtu mwingine miaka mitatu, ndiyo maana unachechemea."

Profesa aliporudi, nywele zake zikiwa nzuri sana, tulimwambia. Nilisema mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Nikamwomba amsikilize Swantje katika wimbo mmoja tu wa sauti ya chini. Alivua glavu zake kidole kwa kidole huku akinisikiliza.

"Bi Lohse," akasema, "wewe ni mpiga piano mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Piga piano."

"Profesa, ungemsikia tu…"

"Nimewaona wengi. Juu pakiwa pagumu, wanakimbilia chini, wanasema wamejipata. Chini ni pa kulala. Huyu hajaja kwangu kulala." Akamgeukia Swantje. "Au umekuja kulala?"

"Hapana, Profesa," Swantje akasema, macho sakafuni.

Hapo mjadala ukafungwa. Na mimi namwelewa Profesa, hata leo. Aliona sauti yake mwenyewe, iliyokwishaondoka, imerudi katika mwili wa kijana. Ukipata kitu kama hicho, huwezi kukiachia kwa sababu mpiga piano amesema.

Kila Mei, chama chetu cha wapenda nyimbo huandaa onyesho la vijana hawa katika ukumbi ambao zamani ulikuwa wa kukamulia zabibu. Kuta ni za mawe, sakafu ni ya mbao, na madirisha yanatazama mashamba. Huanza saa tano asubuhi ya Jumapili, ili watu wakitoka wawahi chakula. Ukumbi hujaa. Wanakuja wafamasia, wakulima, mapadri, wazee waliozisikia nyimbo hizi kwa mama zao, na watu kutoka majumba ya opera ya miji mikubwa, ambao huketi nyuma wakijifanya hawakuja kutafuta waimbaji.

Jumamosi tulikwenda kufanya mazoezi ya mwisho humo ukumbini. Swantje alikuwa na nyimbo tatu, zote za juu. Wa kwanza alipita kwa shida. Wa pili, pale juu kabisa, sauti ilikatika. Haikutetemeka wala haikupinda. Ilikatika kama uzi, ukabaki upepo tu unatoka mdomoni. Akajaribu tena, ikakatika tena. Akaziba uso kwa mikono.

Profesa akapanda jukwaani na kumshika bega, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kesho huimbi. Sitaki wakusikie hivi. Utakaa na watu, utasikiliza, halafu tutaona."

Nilimkuta Swantje nje, amekaa kwenye ngazi za mawe, Jannis pembeni yake kamshikia koti.

"Baba yuko kwenye treni," akasema. "Hajawahi kunisikia tangu nije huku. Ameacha paa la watu nusu wazi ili aje. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Ukweli upi, Bi Lohse? Kwamba miaka mitatu imekwenda bure? Nikitoka hapa narudi Husum. Nitapanda ngazi nifunge matete. Kazi ya heshima ile, na hakuna anayekuuliza noti ya juu."

Jannis hakutania. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko yote. Alikuwa ameukunja uso, anatazama mashamba ya kwao kule kilimani, kama mtu anayepiga hesabu.

Jumapili jua lilitoka mapema. Bwana Boje Ohlendorf alifika na suti iliyombana mabega na kifurushi cha samaki wa moshi ambacho hakukubali kukiacha kwa mtu wa kupokea makoti mlangoni. Ukumbi mzima ulimnusa. Alikaa safu ya tatu na binti yake, magoti yamegusa kiti cha mbele. Safu ya mbele kabisa, katikati, alikuwa Profesa, mgongo umenyooka.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Pfannschmidt, alipanda akakaribisha watu, kisha akatangaza kwa masikitiko kwamba binti Ohlendorf hataimba leo kwa kuwa ana mafua.

Mzee Ohlendorf, kwa sauti ya watu wa kwao waliozoea kuitana juu ya mapaa, akamgeukia mwanawe. "Una mafua?"

"Sina, baba," Swantje akanong'ona.

"Basi mbona huyu anasema unayo?"

Watu wakageuka. Wengine wakacheka. Swantje aliinama mpaka nywele zikamficha uso, na Bwana Pfannschmidt akashuka jukwaani haraka kuliko alivyopanda.

Wakaimba vijana wengine wawili, na waliimba vizuri, makofi yakaja. Baada ya mapumziko ikawa zamu ya Jannis. Alikuwa na nyimbo nne. Kwetu watu hawapigi makofi katikati. Mwimbaji humaliza fungu lake lote kwanza, na kati ya wimbo na wimbo ni kukohoa tu na kujiweka sawa kwenye viti. Jannis aliimba wimbo wa kwanza, akaimba wa pili. Sijawahi kumsikia vizuri vile. Nikafunua ukurasa wa tatu, ule wa mnara na kengele, nikaweka mikono tayari, nikamtazama anipe ishara.

Hakunipa. Alipiga hatua moja mbele.

"Mabibi na mabwana," akasema. "Samahani. Nyimbo mbili zilizobaki kwenye karatasi zenu zimeandikwa jina langu, lakini si zangu. Nimezijaribu miezi mitatu, kila mtu atawaambia nimejitahidi. Mwenyewe yuko hapa ukumbini. Hana mafua. Safu ya tatu, karibu na yule mzee mwenye samaki."

Ukumbi ukavuma kama mzinga. Nilimwona Profesa akikaza vidole kwenye mkoba wake. Bwana Pfannschmidt alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena.

"Jannis, usinifanyie hivi," Swantje akasema kutoka alipo.

"Nimeshafanya. Njoo, dada. Hapa chini hakuna panya."

Alibaki ameketi. Nilidhani hatainuka. Ndipo baba yake akampokonya mkoba uliokuwa mapajani mwake, akauweka juu ya kile kifurushi chake, akasogeza magoti pembeni ampishe.

"Nimetoka mbali," akasema. "Nenda."

Swantje akapita mbele ya watu, akapanda. Hakuwa amevaa gauni la onyesho. Alivaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe kama mtu anayekwenda sokoni. Jannis alimpisha mahali pake ubavuni mwa piano, akaja kukaa kando yangu kunigeuzia kurasa. Hakukuwa na haja ya kubadili noti hata moja. Kilichoandikwa kwa ajili ya Jannis kilikuwa, tangu mwanzo, kimeandikwa kwa ajili ya binti huyu pia.

Swantje alinigeukia. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikaanza.

Mnara ukauliza: kengele yangu, mbona leo hujaniamsha? Alipotamka neno la kwanza, mtu wa nyuma aliyekuwa akimnong'oneza mwenziwe alinyamaza katikati ya neno. Sauti ilienda chini, ikapita chini ya viti, ikapanda kwenye kuta za mawe na kurudi. Hakuisukuma. Na yale yote aliyofundishwa na Profesa, jinsi ya kuvuta pumzi bila kuonekana, jinsi ya kulishika neno la mwisho mpaka maana yake imwagike, yote yalikuwemo, safi kabisa, ila sasa yalikuwa na nyumba ya kukaa. Mnara unapoambiwa ukweli, mwishoni kabisa, wimbo unashuka kwenye noti ya chini ambayo Jannis siku zote aliigusa kwa kujikaza. Swantje aliifikia, akatua juu yake, akakaa.

Safari hii hakuna aliyekohoa. Hata mimi niliogopa kuinua mikono.

Halafu wimbo wa nne, ambao Swantje aliujua kwa kumsikia Jannis kila siku, na ambao ni kinyume cha ule wa mnara. Ukame umeisha, mvua kubwa inanyesha mashambani, na mwanamke anatoka nje mbio, miguu mitupu, anaifungulia mvua mikono. Piano hapo haina pumziko, ni mvua yenyewe. Niliupiga kwa kasi kuliko siku zote kwa sababu yeye alinivuta. Alikuwa akitabasamu huku anaimba. Unapofika mwisho kuna mahali sauti inapanda kutoka chini kabisa kwenda juu, kwa mruko mmoja, neno moja tu: "Njoo!" Nilihisi Jannis amebana pumzi. Na mimi nilibana. Huko juu ndiko kulikomvunja siku zote.

Akaruka. Sauti ikafika juu ikiwa nene, imejaa, imewaka. Haikutoka kooni, ilitoka kwenye miguu, sakafuni, kwenye yale mabega ya kuezekea. Aliishika, akaishika, akaiachia.

Watu hawakungoja. Kwanza walikuwa wale wakulima wa nyuma, wakaanza kugonga sakafu kwa viatu vyao, kama tufanyavyo makofi yasipotosha. Mbao zikanguruma. Ukumbi mzima ukasimama. Bwana Pfannschmidt alikuwa analia waziwazi na kupiga kelele, "Tena! Tena!" kama kijana wa shule. Yule mzee wa Husum hakupiga makofi kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa mkoba na samaki, lakini alikuwa amesimama, mrefu kuliko wote, anatazama huku na huku akiwaonyesha watu kwa kidevu: yule pale, ni wangu.

Mtu mmoja tu alikuwa bado ameketi. Swantje alimwona, na tabasamu lake likaanza kufifia.

Profesa Wiesner akainuka. Akapanda ngazi za jukwaa polepole, ukumbi ukatulia, maana kila mtu pale alimjua. Akasimama mbele ya Swantje, akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akageuka kwa watu.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Miaka mitatu nilimlazimisha aimbe kwa sauti yangu. Leo nimeisikia yake." Akamgeukia Swantje. "Yake ni nzuri zaidi."

Kisha akamkumbatia, yeye ambaye hatujawahi kumwona akikumbatia mtu, na sakafu ikaanza kunguruma upya. Nilimsikia akimwambia sikioni, "Jumanne saa nne, mwanangu. Tunaanza upya, na utalia, kwa sababu nitakuwa mkali maradufu."

"Ndiyo, Profesa," Swantje akasema, tayari analia.

"Na wewe," akamwambia Jannis, "umeniharibia onyesho."

"Ndiyo, Profesa."

"Njoo nikubusu, mpuuzi mkubwa."

Walimrudisha Swantje jukwaani kuimba tena wimbo wa mvua. Chakula kiliwangoja majumbani hadi kikapoa. Baadaye tulikaa nje, chini ya madirisha, tukinywa mvinyo mweupe wa akina Kretzschmar, na mzee Ohlendorf akafungua kifurushi chake hatimaye, akawakatia watu samaki kwa kisu cha mfukoni. Profesa alikula kwa vidole. Mmoja wa wale watu wa opera alikuja na kadi yake akamwomba Swantje afike kuimba mbele ya mkurugenzi wao kabla ya majira ya joto. Swantje aliisoma kadi, akampa Jannis aisome, akacheka kile kicheko chake cha tumboni ambacho alikuwa amekificha karibu mwaka mzima. Watu wa meza za mbali wakageuka kutazama ni nani.

Alikwenda kwa mkurugenzi huyo mwezi wa Juni, wakamchukua. Kabla hajaanza kazi, alituomba mimi na Jannis twende naye Husum. Tuliimba katika ghala la kuhifadhia matete, piano imeletwa kwa trekta, na upepo uliwabana watu mpaka wakaketi wamegusana mabega. Mafundi wote wa mapaa wa pwani ile walikuja na wake zao. Jannis aliimba nusu, Swantje nusu, na alipofika kwenye ule mruko wa mwisho wale mafundi hawakungoja amalize. Walipiga mayowe juu ya sauti yake, na yeye akaishika noti ileile mpaka mayowe yao yakaisha, na bado alikuwa nayo.